Mluzi Uliogeuka Mvumo

Mwalimu alinipigia simu Jumapili baada ya adhuhuri, akaniambia nikipata nafasi nipite kwake. Hakusema kuna nini. Nilimkuta barazani, laptopu juu ya stuli, kikombe cha kahawa kando kimeshapoa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Keti hapo usikilize kitu. Masikio yangu yamezeeka, huenda nasikia kisichokuwepo."

Akabonyeza. Sauti ya mzee, fundi wa majahazi aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, ikaanza kusimulia habari za mtepe kama alivyosimuliwa na babu yake: chombo kisichopigwa msumari hata mmoja, mbao zake zikishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Chini ya sauti ile kulikuwa na mvumo. Haukuwa wa upepo wala wa feni. Ulikuwa sauti moja iliyonyooka, haipandi, haishuki, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa bila kuvuta pumzi, na haukukatika hata pale mzee aliponyamaza kukumbuka jina la mtu. Na kila alipofika kwenye s au sh, neno lilikwaruza kama bati linaloburuzwa kwenye saruji. Neno "kushona" lilikuja mara tatu. Mara mbili nililielewa kwa sababu tu nilijua anazungumzia nini.

"Mvumo huu haukuwepo," Mwalimu akasema. "Nimerekodi mimi mwenyewe, sebuleni kwake. Wajukuu walikuwa wanatazama mpira kwenye TV ya chogo. Nikawaomba wazime sauti, wakazima, picha wakaiacha. Kulikuwa kimya kabisa."

Aliposema TV ya chogo nilielewa kilichotokea, na nikaelewa kuwa aliyekifanya ni mimi.

Wakati huo nilikuwa mfungashaji. Kundi letu dogo lilitengeneza mkusanyo wa Linux, uliojengwa juu ya Debian, kwa ajili ya kompyuta kuukuu za shule na vituo vya jamii. Mtu akiandika programu huria huitoa kama msimbo: maelfu ya mistari ambayo mtumiaji wa kawaida hana kazi nayo. Mfungashaji huuchukua msimbo huo, huujenga, huugawa katika vifurushi, huandika kifurushi kipi kinahitaji kipi, huambatanisha leseni, kisha huuweka mahali ambapo mtu atabonyeza mara moja na kila kitu kikae pake. Ni kazi ya katikati. Aliyeandika hakujui, na anayetumia hakujui. Wote wawili wanakuamini bila kukuona.

Kati ya vifurushi nilivyokabidhiwa kimoja kilikuwa libsamplerate, maktaba inayobadilisha kasi ya sampuli za sauti. Jina lake jingine ni Secret Rabbit Code, sungura wa siri, ili herufi za mwanzo zilingane na zile za jina la kazi yenyewe kwa Kiingereza. Aliyeiandika ni Erik de Castro Lopo wa Australia, ambaye pia ndiye mwandishi wa libsndfile. Hadi mwaka 2016 ilikuwa chini ya leseni ya GPL, na asiyetaka masharti yake alinunua leseni nyingine. Mwaka huo ikahamishiwa leseni ya BSD yenye vifungu viwili, ambayo inakuruhusu kuitumia na kuibadilisha upendavyo, mradi usifute jina la mwenyewe na tamko la kutowajibika.

Kazi yake inahitaji kuelezwa, maana ndipo mkasa wangu ulipo. Sauti ndani ya kompyuta ni msururu wa vipimo, ndizo hizo sampuli. Diski ya muziki ya CD ina vipimo 44,100 kwa kila sekunde. Namba hiyo ilitoka kwenye kanda za video zilizotumika kuhifadhi sauti za kidijitali za mwanzo: vipimo 3 kwa kila mstari, mistari 245, mara 60 kwa sekunde. Sauti ya video na vinasa sauti vingi inatumia 48,000. Ukicheza faili ya 44,100 kana kwamba ni ya 48,000, saa nzima ya mazungumzo itakwisha kwa dakika 55 na sekunde chache, na mzee atasema kama kijana anayekimbilia basi. Kwa hiyo lazima vipimo vipya vikokotolewe kutoka vile vya zamani, 160 kwa kila 147, na karibu vyote huangukia mahali ambapo hakuna aliyepima. Hapo ndipo maktaba inapoonesha ufundi wake.

Ukishusha kasi, kuna sharti moja lisilovunjwa. Vipimo 16,000 kwa sekunde vinaweza kubeba sauti za hadi hezi 8,000 tu, yaani nusu yake. Zilizo juu ya hapo lazima zichujwe kwanza. Usipozichuja haziondoki. Hukunjwa kama shuka lililozidi urefu wa kitanda, zikaanguka chini kati ya sauti nyingine, na zikishaanguka hakuna tena mkono unaoweza kuzitenganisha. Sauti ya hezi 9,000 huibukia 7,000. Ya 12,000 huibukia 4,000, katikati ya maneno ya mtu.

Libsamplerate ina vigeuzi vitano, vimepewa namba kuanzia 0 hadi 4. Vitatu vya kwanza vinachuja, na kile cha 0 ndicho bora kuliko vyote. Viwili vya mwisho havichuji. Namba 3 inarudia kipimo kilichotangulia, na namba 4 inavuta mstari ulionyooka kati ya kipimo na kipimo. Hivyo viwili vipo kwa sababu vina wepesi wa ajabu, na maelezo ya maktaba hayafichi kwamba ubora wake ni duni. Ubora wa kile cha 0 unatokana na jedwali la namba 340,239 lililopikwa kabla na kuwekwa ndani ya msimbo. Jedwali hilo peke yake linachukua karibu megabaiti 1.4, na ndilo karibu maktaba nzima. Kigeuzi cha 2, kidogo kati ya vinavyochuja, kina namba 2,464 tu.

Mimi nikaliona jedwali lile kama mzigo. Shule zilipakua mkusanyo wetu kwa bando za kununua, na tulikuwa tumeahidiana kupunguza kila kinachopunguzika. Nilishapunguza fonti, picha za mandhari, lugha ambazo hakuna aliyezisoma kwetu. Nilipoona maktaba ya sauti yenye megabaiti na zaidi ya namba tupu, nikajiambia kwamba kompyuta hizi zinacheza video za masomo, nani atakayesikia tofauti? Maktaba yenyewe inaruhusu vigeuzi vinavyochuja vizimwe wakati wa kujenga. Nikavizima vyote vitatu. Hata kile kidogo cha namba 2,464, ambacho kingetuokoa, nilikizima, nikiamini kwamba naipunguzia prosesa kuukuu kazi.

Hadi hapo kosa lilikuwa bado linaonekana. Programu ikiomba kigeuzi kisichokuwepo, libsamplerate inakataa na kurudisha kosa la kusema kigeuzi hicho hakipo. Ndivyo mwandishi wake alivyotaka: isiyoweza kufanya iliyoombwa, iseme. Na kweli, siku mbili baadaye mwenzetu wa kituo kimoja cha utamaduni akaniandikia kwamba programu yao ya kubadilisha rekodi haifanyi kazi, wana kazi ya haraka, wageni wanakuja Ijumaa.

Nilikuwa na njia ya kurudi. Ningewasha tena vigeuzi, nikajenga upya, yakaisha. Nilichofanya ni kuandika kiraka, mstari mmoja tu, nikauingiza kwenye kifurushi: yeyote atakayeomba kigeuzi 0, 1 au 2, apewe 4. Kimya kimya. Programu haikuambiwa kitu, na aliyeitumia akaona kwenye kioo kwamba amechagua ubora wa juu kabisa. Niliingoja maktaba dakika tano ijengwe, nikaijaribu kwa wimbo mmoja, ikaimba, nikaipandisha kwenye seva na kwenda kulala.

Nimeurudia usiku ule mara nyingi. Sikuwa mvivu, na ningekuwa mvivu ningeacha kosa lionekane mpaka mwingine alishughulikie. Nilitaka sana mwenzangu afanikiwe siku ya Ijumaa. Haraka ya kumsaidia mtu ndiyo iliyonifanya nizibe mdomo wa chombo kilichokuwa kinamwambia ukweli.

Taratibu nyingine zote nilizifuata. Kifurushi kiliitwa libsamplerate0, kwa sifuri ile iliyo mwisho wa jina la faili la maktaba, ambalo kila programu iliyojengwa kwayo hulitafuta. Faili za wajenzi wa programu nilizitenga kwenye kifurushi chao, na leseni ilikuwa mahali pake. Nilikipitisha kwenye lintian, chombo cha Debian cha kukagua vifurushi, na hakikupata la kusema. Hakikukosea. Lintian hukagua umbo la kifurushi, haisikilizi sauti. Maktaba yenyewe inakuja na majaribio yake, likiwemo la kupima ni kelele kiasi gani kila kigeuzi kinaongeza, lakini kipimo hicho kinahitaji maktaba nyingine iitwayo FFTW. Kwenye mashine yangu ya kujengea haikuwepo. Kipimo kikarukwa, yaliyobaki yakapita, nikaona maandishi ya kijani mwisho wa ukurasa. Sikusoma ni mangapi yamepita na ni mangapi hayakufanywa.

Kituo kile ndicho kilichokuwa kinatunza rekodi za Mwalimu, kikazibadilisha zote kutoka 48,000 hadi 16,000, ziwe nyepesi kutumwa kwenye simu. Saa moja ya rekodi zake ilikuwa inakula megabaiti 345, sasa ikawa 115. Hesabu ya 48,000 kwa 16,000 ni tatu kamili, na hilo ndilo lililoharibu kabisa. Kigeuzi cha mstari kikipewa uwiano kamili namna hiyo hakina hata mstari wa kuvuta: kinachukua kipimo kimoja, kinatupa viwili, kinachukua kimoja, kinatupa viwili. Hakuna chujio la aina yoyote.

Televisheni za chogo za mfumo wetu zilichora mistari 625 kwa kila picha, picha 25 kwa sekunde. Zidisha: mistari 15,625 kwa sekunde. Transfoma iliyo nyuma ya kioo hupiga mluzi wa kasi hiyo hiyo muda wote TV ikiwaka, hata sauti ikizimwa. Watoto huusikia. Watu wazima wengi hawausikii tena, na Mwalimu siku ile sebuleni hakuusikia. Kinasa sauti chake kiliusikia, kikauweka huko juu ambako haumsumbui mtu. Kifurushi changu kikauteremsha. Toa 15,625 kwenye 16,000: hezi 375, katikati ya sauti ya mzee wa kiume anayezungumza. Hesabu hiyo niliifanya kichwani pale barazani, Mwalimu akiwa ananitazama.

Nikamweleza yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza swali moja: "Zile za mwanzo zipo?"

Hazikuwepo. Kituo kilikuwa na diski moja, ikajaa, na kwa kuwa kioo kilisema ubora wa juu, mtu mwaminifu alifuta faili kubwa akabakiza ndogo. Kati ya rekodi zaidi ya thelathini, nakala za awali za tisa zilipatikana kwenye diski za CD ambazo binti yake Mwalimu alikuwa ameziweka kabatini. Yule fundi wa majahazi hakuwamo kati ya hizo tisa.

Mvumo unaweza kupunguzwa. Ni sauti moja mahali pamoja, unaukata kwa chujio jembamba na mzee anabaki, ingawa sauti yake inapungua kidogo unene. Zile s na sh haziponi. Sehemu ya nguvu zake iko juu ya hezi 8,000, na ilipokunjwa iliangukia juu ya sehemu ya chini ya sauti hizo hizo. Nilijaribu kila nilichokijua kwa wiki nzima.

Katika wiki hiyo ndipo nilipoisoma tena, kwa macho mengine, habari ambayo kila mfungashaji wa Debian ameisikia. Mwaka 2006 mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL, maktaba ya usimbaji inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya mtandao, alikuwa anasumbuliwa na maonyo ya chombo cha kukagua kumbukumbu kiitwacho Valgrind. Maonyo yalielekeza kwenye mistari miwili ya msimbo. Aliuliza kabla ya kuifuta, na jibu alilopata halikumzuia. Akaifuta, na maonyo yakaisha. Mmoja kati ya mistari ile ndio uliokuwa unamimina unasibu kwenye kisima ambacho funguo za siri huchotwa. Kilichobaki cha kutofautisha ufunguo mmoja na mwingine kilikuwa namba ya mchakato, ambayo haikuzidi 32,768. Programu iliendelea kutoa funguo, zikiwa na urefu na sura ile ile ya funguo nzuri. Ilichukua hadi Mei 2008, Luciano Bello alipogundua, ndipo dunia ikaambiwa kwamba funguo zilizotengenezwa kwenye Debian na Ubuntu kwa karibu miaka miwili zinaweza kukisiwa zote kwa muda mfupi. Watu walibadilisha kufuli za seva mchana na usiku.

Sijilinganishi kwa ukubwa. Kinachonishika ni ufanano. Yeye na mimi tulinyamazisha kitu kilichokuwa kinapiga kelele, na tulichokabidhi baada ya hapo kilifanana kabisa na kizima. Maktaba iliyovunjika vibaya haimdhuru mtu kwa muda mrefu, maana inaanguka na watu wanakuja juu. Ile inayotembea huku imeng'olewa moyo ndiyo inayofika mbali. Na yeye, angalau, aliuliza. Mimi sikumwandikia mtu hata mstari mmoja. Ningeuliza ni nini kitatokea nikikabidhi kigeuzi 4 kwa aliyeomba 0, yeyote aliyewahi kuigusa maktaba ile angenijibu kwa neno moja.

Kifurushi nilikijenga upya siku ya Jumatatu, kiraka nimekiondoa, jedwali lote la namba 340,239 limerudi, FFTW imewekwa na kipimo cha kelele kinafanywa na kusomwa. Niliandika tangazo kwa vituo vyote, nikataja nilichofanya na tarehe ya kila toleo lililoathirika, ili mwenye faili za awali asizifute. Vituo viwili vilijibu kwamba bado vinazo. Siku hizi, kabla sijatoa maktaba yoyote ya sauti, napitisha ndani yake mluzi unaopanda taratibu kutoka chini hadi juu kabisa, naangalia kama kuna kinachorudi chini wakati wenyewe unapanda. Inachukua dakika moja.

Mwezi uliofuata Mwalimu alinichukua twende kwa mtoto wa yule fundi, ambaye naye ni fundi, mtu mzima mwenye wajukuu. Tuliketi chini ya mkungu, tezo na misumari ikiwa imefunikwa na turubai, jahazi moja likiwa limeinuliwa juu ya magogo nusu limetiwa kalafati. Nikamwekea spika ndogo. Mwalimu alikuwa na daftari. Tulicheza rekodi sentensi kwa sentensi, na kila palipokwaruza nilisimamisha, naye akasema: hapo baba anasema msumeno, hapo anasema ushanga wa mbele, hapo amemtaja shangazi yake. Mengi aliyajua kwa sababu aliyasikia tangu utotoni, na baadhi aliyajua kwa kufuata mdundo tu.

Tukafika mahali ambapo mzee anataja jina la fundo lililokuwa linamaliza mshono wa ubao wa chini kabisa, ule unaokutana na mkuku. Lilianza na s au sh. Akasikiliza. Akaomba tena. Akainama karibu na spika, mkono mmoja sikioni, tukarudia mara ya sita, ya saba. Akajaribu maneno mawili kwa sauti ndogo, akayakataa mwenyewe.

"Hili sikuwahi kumsikia akilisema," akasema. "Huenda hakuna aliyebaki anayelijua."

Mwalimu akaacha nafasi wazi kwenye daftari, ya upana wa neno moja, akaandika dakika na sekunde pembeni, akaniashiria niendelee.